Nani Hana Kazi? Takwimu za Ajira na Hali ya Watafuta Kazi wa Pwani Yetu

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya waliokusanyika Tongoni)



Ndugu wapendwa, Tume ya Haki na Amani imetuomba tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni la wataalamu wa hesabu, lakini kwa undani wake ni la kila nyumba hapa Tongoni. Katika mikutano yetu limezoeleka tendo moja. Kijana husimama akasema, "Hakuna kazi." Kiongozi humjibu kwamba kwa mujibu wa takwimu ukosefu wa ajira unapungua mwaka hadi mwaka. Kijana hukaa, na mkutano huendelea na ajenda nyingine. Tangu hapo kijana yule hatazamwi tena kama mtu mwenye shida, bali kama mvivu, au kama mtu anayechagua kazi. Hapo ndipo hesabu inapogeuzwa kuwa hukumu, na ndiyo sababu Tume imeona kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa wachumi peke yao.

Tuseme mapema kwamba hatukuja kuwashitaki watakwimu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huwatuma wadadisi wake nyumba kwa nyumba, juani na mvuani, nao huandika kile wanachoambiwa kwa kufuata kanuni walizofundishwa. Hatuna sababu ya kuwaita waongo. Lakini takwimu ni jibu, na kila jibu lina swali lake. Asiyelijua swali atalichukua jibu na kulipeleka mahali pasipo pake, tena mara nyingi atalitumia kumnyamazisha mwenzake.

SWALI LENYEWE

Kanuni zilizotumiwa na mataifa kwa miaka mingi zilipangwa mwaka 1982, katika mkutano wa watakwimu wa kazi ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani. Kwa kanuni hizo, mtu huhesabiwa kuwa hana ajira akiwa ametimiza masharti matatu kwa pamoja: hakufanya kazi yoyote katika kipindi kifupi kinachotajwa, kwa kawaida wiki moja; yuko tayari kuanza kazi; na amechukua hatua ya kuitafuta. Kwa upande mwingine, mtu aliyefanya kazi ya kumpatia chochote hata kwa saa moja ndani ya wiki hiyo huandikwa katika safu ya wenye ajira.

Saa moja, ndugu zetu. Kijana aliyesaidia kupakua dagaa alfajiri ya Jumanne, akapewa noti mbili na kitoweo, kisha akashinda barazani siku sita zilizobaki, yumo katika safu moja na karani wa benki.

Kanuni hiyo haikutungwa na wapumbavu. Watakwimu hutaka hesabu ya watu iende sambamba na hesabu ya mali inayozalishwa nchini, na saa moja ya kupakua dagaa imezalisha kitu. Kwa shabaha hiyo kanuni ni sawa kabisa. Tatizo huanza pale takwimu hiyo inapoulizwa swali ambalo haikutumwa kulijibu, yaani kama kijana yule ana njia ya kuaminika ya kula kesho, ya kuoa, na ya kumtibu mama yake.

Tazameni matokeo yake. Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 1990/91 ulitoa kiwango cha ukosefu wa ajira cha asilimia 3.6 kwa nchi nzima. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka Tanga ya miaka ile. Kiwanda cha mbolea kilichofunguliwa mwaka 1972 kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mkonge, ambao mwaka 1964 ulifikia tani kama 230,000, ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000, na kambi zilizokuwa zimejaa watu zikaota majani. Baadaye kidogo, katikati ya miaka hiyo ya 1990, kiasi cha watumishi 50,000 wa serikali walipunguzwa. Mtu aliyeishi Tanga wakati huo akisomewa asilimia 3.6 atadhani anasomewa habari za nchi nyingine.

Lakini fikirini alifanya nini yule aliyepunguzwa kiwandani. Je, alikaa? Wakati huo nchi yetu haikuwa na posho ya wasio na ajira. Akiba ikiisha, mtu atachoma mkaa, atauza maji kwa baiskeli, atalima kipande cha muhogo kwa shemeji yake, na mkewe atakaanga mihogo barazani. Wiki moja haipiti bila saa moja ya kazi. Ukosefu wa ajira kwa kipimo kile unamtaka mtu awe na kitu cha kumlisha wakati anatafuta, na maskini wetu hawana kitu hicho. Ndiyo maana katika majedwali ya kimataifa ya miaka ya karibuni Tanzania imekuwa ikikadiriwa chini ya asilimia 3, jirani kabisa na Ujerumani, huku Afrika Kusini ikizidi asilimia 30. Nanyi mnajua vijana wa pwani hii wanaopanda malori na kujificha ndani ya meli huwa wanaelekea upande gani.

Serikali yetu yenyewe iliuona upungufu huo. Ikatengeneza tafsiri ya kitaifa iliyo pana zaidi, inayowaingiza pia wale walio tayari kufanya kazi lakini hawakuitafuta, na wale ambao kazi yao ilisimama kwa sababu ya msimu au kukosa shamba na hawakuwa na uhakika wa kuirudia. Kwa utafiti wa mwaka 2000/01, kipimo cha kimataifa kilitoa asilimia 5.1, na kipimo cha kitaifa kikatoa asilimia 12.9. Ni watu wale wale, na fomu zile zile. Hakuna aliyepata wala kupoteza kazi kati ya hesabu moja na nyingine. Kilichobadilika ni swali. Kwa tafsiri hiyo ya kitaifa kiwango kilikuwa asilimia 11.7 mwaka 2006, kama asilimia 10 mwaka 2014, na kama asilimia 9 mwaka 2020/21. Angalieni pia miaka yenyewe: kati ya utafiti mmoja na mwingine ilipita miaka sita, hata minane. Mtoto aliyekuwa darasa la saba utafiti ulipofanyika amekwisha kuwa baba wa watoto wawili, na bado ile takwimu ya zamani inasomwa mikutanoni kana kwamba ni ya jana.

WIKI YA MDADISI NA MWEZI WA MVUVI

Hapa tunaomba tukae kidogo, kwa sababu jambo hili mnalijua ninyi kuliko sisi na kuliko mtakwimu yeyote.

Swali la mdadisi ni la siku saba. Lakini kazi ya pwani haiendi kwa siku saba, inakwenda kwa mwezi na kwa upepo. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa zao hazina nguvu na wengi hukaa nchi kavu. Akina mama wanaolima mwani, na wale wanaotafuta pweza miambani, hungoja bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuacha mwamba wazi. Maji mafu yakiingia, hawana la kufanya baharini kwa siku kadhaa. Kusi likivuma kwa nguvu, ngalawa ndogo hulala ufukoni, na hata mwenye bidii kuliko wote hushona nyavu zilizokwisha kushonwa.

Sasa mdadisi akifika wiki ya bamvua, atamkuta mama yule anafanya kazi. Akifika wiki itakayofuata, atamkuta hana kazi. Kama mama huyo atajibu kwamba hakutafuta kazi nyingine wiki hiyo, kwa sababu anajua maji yatarudi, basi kwa kipimo cha kimataifa anaweza hata kutolewa nje ya hesabu ya nguvukazi kabisa: si mwenye kazi, si asiye na kazi. Ni mama yule yule, kamba zile zile za mwani, na watoto wale wale wa kulisha. Watakwimu wanalijua jambo hili, na tafiti zetu zimekuwa zikiuliza pia juu ya miezi 12 iliyopita. Lakini takwimu inayosomwa redioni, ile moja tu iliyo fupi, hutoka kwenye ile wiki.

Na je, mgao? Chombo kikirudi, tajiri wa chombo huchukua sehemu yake, mafuta hukatwa, nyavu huchukua sehemu yake, na kinachobaki hugawanywa kwa mabaharia. Usiku ambao bahari haikutoa kitu, baharia amefanya kazi saa tisa na amerudi na deni la chakula. Katika fomu ni mwenye ajira, tena mwenye saa nyingi.

KUTAFUTA MAANA YAKE NINI?

Sharti la tatu ni kutafuta. Mjini mtu anaweza kuonyesha barua alizoandika na ofisi alizopita. Hapa kwetu, kutafuta kazi ni nini? Ni kukaa pwani ambako nahodha anaweza kukuita. Ni kumpigia simu binamu aliyeko Tanga mjini. Ni kusimama alfajiri mahali lori la kupakia vibarua husimama. Mdadisi asiyekuwa mtu wa pwani akiuliza, "Ulitafuta kazi wiki iliyopita?" kijana atajibu hapana, kwa kuwa anadhani anaulizwa habari za barua na bahasha.

Hata mkutano ule wa mwaka 1982 ulikubali kwamba katika nchi ambako njia za kawaida za kutafuta kazi hazina maana kubwa, sharti hilo linaweza kulegezwa. Kwa bahati mbaya ruhusa hiyo inatajwa mara chache kuliko takwimu zenyewe.

Yupo na mwingine, aliyetafuta mpaka akachoka. Mnakumbuka mwezi Agosti 2017, jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima lilipowekwa Chongoleani, kaskazini ya mji wetu. Bomba la zaidi ya kilomita 1,400 linaishia kwenye pwani hii hii. Vijana wengi walitoa nakala za vyeti, wakapiga picha za pasipoti, wakalipa nauli. Baadhi walipata, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao, ingawa kazi ya ujenzi hwisha ujenzi ukiisha. Waliokosa mara ya tatu na ya nne waliacha kwenda. Kila safari ni nauli, ni steshenari, siku hizi ni bando la kujaza maombi kwenye mtandao. Kijana anayeacha kutafuta kwa sababu fedha ya kutafutia imekwisha hutoka katika safu ya wasio na ajira, na kiwango hushuka. Kwa hiyo, ndugu, takwimu inaweza kupungua kwa sababu watu wamepata kazi. Inaweza pia kupungua kwa sababu watu wamekata tamaa. Ukiitazama yenyewe tu huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Mahali penginepo ambapo watafuta kazi huonekana kwa macho ni pale mlango unapofunguliwa. Mwezi Juni 2014, Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili wa nafasi 70. Walioitwa walizidi 10,000, na usaili ukafanyikia Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa kuwa hapakuwa na ukumbi wa kuwatosha. Mwaka huo huo ndio uliofanyika ule utafiti uliotoa kama asilimia 10. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalizidi 135,000. Wengi kati ya waombaji hao katika hesabu wana kazi: ni bodaboda, ni walimu wa kujitolea, ni wauza vocha. Waliomba kwa sababu wanajua wenyewe walichonacho kina thamani gani.

KAZI, AJIRA NA KIBARUA

Lugha yetu inatusaidia hapa. Mswahili hachanganyi kazi na ajira. Anayeparaza nazi, anayechota maji, anayelima muhogo wa kula nyumbani, wote wanafanya kazi, na hakuna atakayesema wameajiriwa. Kibarua nacho ni kitu kingine. Watakwimu wa dunia walifika kwenye tofauti hii mwaka 2013, walipokubaliana kwamba anayezalisha kwa ajili ya kula nyumbani tu anafanya kazi, lakini asihesabiwe kuwa ana ajira. Bibi zetu wangeweza kuwaeleza mapema zaidi.

Lakini neno lina historia, na historia hiyo huwafundisha watu jinsi ya kumjibu mwenye kalamu. Mwaka 1983 ilitungwa sheria iliyoitwa ya Nguvu Kazi. Mijini watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa kwa jina la wazururaji na kupelekwa vijijini au mashambani. Mzee aliyeyaona hayo akiulizwa na mgeni mwenye fomu kama mwanawe ana kazi, tusishangae akisema, "Anayo, anajishughulisha." Naye huulizwa kweli, maana katika tafiti za kaya anayekutwa nyumbani mara nyingi huwasemea wasiokuwapo.

Na kabla ya hapo kulikuwa na kipande. Katika mashamba ya mkonge, kadi ya mfanyakazi ilikuwa na nafasi 30. Siku iliwekewa alama mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa. Akiishiwa nguvu katikati, jasho la siku ile halikuandikwa. Kadi ilipojaa ndipo alipolipwa. Watu walioletwa kutoka mbali na shirika la wenye mashamba lililoanzishwa mwaka 1944, SILABU, walijulikana kwa namba, nasi tukawaita manamba. Wenyeji wa hapa, Wadigo, Wasegeju na Wabondei, waliokuwa na minazi, mihogo na bahari yao, wengi walikataa mikataba ile. Basi ikasemwa kwamba mtu wa pwani ni mvivu. Aliyesema hivyo alikuwa na mizani moja tu, nayo ilipima mkonge. Kipande kilikataa siku isiyokamilika, na fomu za leo zinakubali saa moja kwa wiki nzima. Nyakati zote mbili anayefanya kazi hakuulizwa kipi kihesabiwe. Na lile neno la uvivu bado tunalisikia, hata, tunasikitika kusema, kwenye vikao vya kanisa tunapopanga viwango vya michango.

Magofu yaliyo hapa jirani yanatukumbusha jambo hilo hilo. Wageni huletwa kuona msikiti wa kale na makaburi kama 40 ya mawe, ya karne ya 14 na ya 15. Makaburi yamehesabiwa vizuri. Waliochonga matumbawe na kuchoma chokaa iliyojenga makaburi hayo walizikwa pia mahali fulani hapa hapa, na hakuna anayetuonyesha.

Bwana wetu alisimulia habari ya mwenye shamba la mizabibu aliyetoka mara kwa mara sokoni kutafuta vibarua. Saa ya kumi na moja aliwakuta wengine wamesimama bado. Hakuwaambia ni wavivu. Aliwauliza, nao wakamweleza kwamba hakuna aliyewaajiri, na neno lao likatosha. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba ukosefu wa kazi ni uovu kwa vyovyote vile, tena kwamba wanaowajibika si mwajiri anayelipa mshahara peke yake, bali pia wale wote wanaopanga sera na masharti ambayo kazi hutegemea. Wapangaji hao hufanya kazi kwa takwimu. Wakipewa takwimu nyembamba, wajibu wao nao huwa mwembamba.

TUFANYE NINI SISI?

Hatupendekezi maandamano. Tunapendekeza daftari.

Utafiti wa taifa hauwezi kusema habari za kata moja. Ukijitahidi sana utasema habari za mkoa, nao mkoa wa Tanga katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu milioni 2.6. Habari za Tongoni hazitaandikwa na mtu kama hatukuziandika. Kila jumuiya ndogo ndogo iteue watu wawili, mmoja wao awe kijana na mmoja wao awe mwanamke, wapite nyumba za jumuiya. Wasiulize, "Una kazi?" Waulize: mwezi uliopita ulifanya shughuli zipi, kwa siku ngapi? Ulipata kiasi gani, katika siku nzuri na katika siku mbaya? Ungependa kufanya kazi zaidi ya hiyo? Mara ya mwisho ulitafuta wapi, na ilikugharimu nini? Kama umeacha kutafuta, kwa nini? Kila mtu mzima ajisemee mwenyewe, si baba kumsemea mwana, wala mume kumsemea mke. Majina yasiandikwe. Anayeona aibu asilazimishwe.

Tunasisitiza jambo moja: ndugu zetu Waislamu ndio wengi hapa, na maji mafu hayachagui dini. Kabla ya kuanza, wenyeviti wa jumuiya wakaonane na viongozi wa msikiti na wa serikali ya mtaa, ili wakipenda tuandike pamoja. Daftari la Wakatoliki peke yao litakuwa na kasoro ile ile tunayoilalamikia.

Matokeo yapelekwe kwenye mkutano wa hadhara, yasomwe mbele ya diwani na mtendaji. Halmashauri kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Yapo maswali ya kuuliza: marejesho yakidaiwa kila mwezi kwa tarehe moja, mkulima wa mwani na mvuvi wa dagaa watalipaje, hali kipato chao hufuata mwezi wa mbinguni? Swali kama hilo lina nguvu likiwa na daftari mkononi. Na mdadisi wa taifa akija siku yoyote, mpokeeni vizuri, mjibuni ukweli wote, pamoja na zile siku ambazo hapakupatikana kitu.

Tunashauri kuandika kuanze bamvua ijayo, kisha watu wale wale waulizwe tena maji mafu yatakapoingia, na madaftari yote mawili yaletwe parokiani kabla ya mkutano ujao wa Halmashauri ya Walei.